Omo na Tezi za Glaida

Asubuhi moja, umande ukiwa bado kwenye nyasi za uwanja wa shule nje kidogo ya Eldoret, kijana mmoja alikuja na glaida, ndege ya rimoti ya kuelea, aliyoiunda kwa miezi mitano. Mabawa yake yalikuwa mita tatu kutoka ncha hadi ncha, uzito wake gramu 1,500, na kiwiliwili chake kilikuwa chembamba kama mpini wa jembe. Aliirusha, mota ndogo ya puani ikaipandisha, akaizima, na kwa dakika sita tukaitazama ikielea kimya juu ya mikaratusi. Ilipokuwa inarudi kutua, ikiwa mita tano hivi juu ya ardhi, alivuta kijiti cha breki mpaka mwisho kwa mkupuo mmoja. Pua ikainuka. Glaida ikasita angani, kasi yote ikaisha, kisha ikainamisha pua na kushuka wima. Kiwiliwili kikavunjika karibu na mkia.

“Mwalimu, breki zimeharibika,” aliniambia, bado ameshika rimoti kwa mikono miwili.

“Breki zimefanya kazi yake. Uzito uliupima wapi?”

“Pale kitabu kilipoonyesha.”

“Na baada ya kuirusha mara ya kwanza, uliupima tena?”

Alinyamaza. Sikumlaumu, na simlaumu hadi leo. Vitabu vinavyokuja na glaida hizi huandika tarakimu ya mizani kwenye ukurasa mmoja na tarakimu za breki kwenye ukurasa mwingine, na msomaji huondoka akidhani ni kazi mbili zisizojuana. Kumbe ni kazi moja yenye utaratibu wake. Mizani hutangulia, breki hufuata, na anayegeuza utaratibu huo hulipia karibu na ardhi, mahali ambapo hakuna nafasi ya kurekebisha chochote.

Mabaharia wa pwani yetu walilijua jambo hili kabla ya mtu yeyote kurusha ndege. Chombo kikipakiwa mizigo mingi omo, yaani mbele, huchimba mawimbi kwa pua, na usukani hupoteza nguvu kwa kuwa tezi, upande wa nyuma, imeinuka. Kikielemea tezi, hakishiki njia. Ndiyo maana farumi, ule uzito wa kutuliza chombo, hupangwa kabla ya kutweka tanga. Wahenga nao walisema kwenda tezi na omo, marejeo ngamani, yaani kwenye tumbo la chombo. Glaida nayo ina omo na tezi, na ina ngama yake: nukta moja katika bawa ambapo uzito wote wa ndege unaweza kuhesabiwa kana kwamba umekusanyika hapo. Hicho ndicho kitovu cha uzito.

Kwa glaida ya kawaida yenye mkia nyuma, kitovu hicho huanza kutafutwa kati ya asilimia 30 na 40 ya upana wa wastani wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Bawa lenye upana wa wastani wa milimita 220, kwa mfano, asilimia 35 yake ni milimita 77. Namna ya kupima ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Chukua penseli mbili zenye raba kwenye ncha, zisimamishe kwenye kipande cha ubao, moja chini ya kila bawa, raba zikigusa pale ulipoweka alama. Glaida iwe kamili: betri ndani, risiva (kipokezi cha rimoti) ndani, kifuniko cha pua kimefungwa. Nimeona watu wakipima bila kifuniko kwa sababu “ni chepesi tu”. Kifuniko hicho kiko mbali na kitovu, na katika mizani umbali una neno kubwa kama uzito.

Hebu tuihesabu kwa glaida ya yule kijana. Nafasi ya kuweka risasi ya kusawazisha uzito puani ilikuwa milimita 450 mbele ya kitovu, na mkia wenyewe ulikuwa milimita 900 nyuma yake. Gramu 5 zilizoongezwa mkiani zinahitaji gramu 10 puani ili mizani irudi palepale. Kila gramu unayoiokoa nyuma inakuokolea gramu mbili mbele. Ndiyo sababu waundaji wazuri wa glaida hubania rangi ya mkia, gundi ya mkia, hata skrubu za mkia. Na kabla ya kutafuta chubwi la mvuvi la kuweka puani, sogeza betri kwanza. Betri ya gramu 100 ikisogezwa sentimita tatu mbele, kitovu cha ndege ya gramu 1,500 husogea milimita 2, na hujaongeza uzito wowote wa kubeba.

Mizani ya kushoto na kulia nayo ipimwe, ingawa haina maneno mengi. Inyanyue ndege kwa vidole viwili, kimoja puani na kimoja mkiani, uone ni bawa gani linashuka. Bandika kipande kidogo cha risasi kwenye ncha ya bawa jepesi. Basi.

Lakini penseli mbili zinakuonyesha tu mahali uzito ulipo. Haziwezi kukuambia kama mahali hapo panaifaa ndege yako. Swali hilo hujibiwa angani, na jaribio linalotumika kulijibu limekuwa mikononi mwa warushaji wa glaida kwa miaka mingi. Mtu aliyesaidia sana kulieleza kwa hesabu ni Mark Drela, profesa wa chuo cha MIT kule Marekani, ambaye pamoja na kazi yake ya ndege kubwa alichora glaida za rimoti ambazo michoro yake imejengwa na watu wengi duniani.

Jaribio lenyewe liko hivi. Panda juu vya kutosha, mita 100 au zaidi, katika hewa tulivu ya asubuhi. Rekebisha eleveta, yaani kile kipande cha mkia kinachoinua na kuinamisha pua, mpaka glaida iende sawa yenyewe bila wewe kugusa kijiti. Kisha isukume ielekee chini kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45, ushikilie kwa sekunde moja au mbili, halafu uachilie kijiti na utazame. Ikiinuka kwa nguvu na kupanda kama farasi aliyeshtuka, pua ni nzito. Ikiendelea kuinama zaidi na zaidi, uzito umerudi nyuma mno, na uishike mara moja. Ikitoka kwenye mteremko polepole, kwa upinde mrefu na mpole, umekaribia.

Kwa nini iwe hivyo? Glaida yenye pua nzito haiwezi kwenda sawa mpaka eleveta iinuliwe kidogo ili mkia usukumwe chini. Katika mwendo wa kawaida, msukumo huo unatosha tu kuzuia pua isianguke. Lakini nguvu ya hewa huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Uzito wa pua haukuongezeka hata chembe, msukumo wa mkia umeongezeka mara nne. Pua lazima ipande. Glaida yenye mizani nzuri haihitaji msaada mkubwa wa eleveta, kwa hiyo kasi inapopanda hakuna kinachozidi sana.

Watu wengi hulisoma jaribio hili kinyume. Wanaona ndege inapanda baada ya kuinamishwa, wanasema mkia mzito umeivuta chini, wanaongeza risasi puani. Jaribio la pili linakuwa baya zaidi, wanaongeza tena. Nimeshika glaida iliyokuwa na gramu 60 za risasi isizozihitaji, zote zimewekwa na mtu makini aliyefuata macho yake badala ya hesabu. Kama kuna jambo moja ningependa msomaji akumbuke katika sehemu hii, ni hilo: ndege inayojiinua kwa nguvu inalia uzito wa pua.

Badilisha kidogo kidogo, milimita 2 au 3 kwa mara moja, na kila unapobadilisha rekebisha tena eleveta kabla ya kurudia jaribio. Jihadhari pia na kiwiliwili kinachopinda au waya wa eleveta unaonepa. Hewa ya kasi huweza kuisukuma eleveta irudi nyuma kutoka ulipoiweka, na ndege ikaonyesha dalili za mkia mzito wakati kosa ni la waya. Shika eleveta kwa vidole ukiwa chini, sevo, yaani mota ndogo inayoisogeza, ikiwa imewashwa. Ikicheza, tibu hilo kwanza.

Uzito ukirudi nyuma kwa kiasi, faida inaonekana mara moja kwa mtu anayetafuta hewa ya joto inayopanda. Glaida inakuwa nyepesi kuhisi. Inapopita pembeni ya hewa inayopanda, bawa moja linainuliwa; inapoingia ndani, mkia unainuka, na mrushaji aliye umbali wa mita 300 anasoma hewa kupitia ndege yake. Glaida yenye pua nzito huingia humo humo na kutoka bila kusema lolote. Lakini kila milimita unayorudi nyuma unailipia kwa macho yako, maana ndege inapoteza tabia ya kujirekebisha. Kwa anayeanza, nashauri abaki na mizani ya mbele kidogo, ndege inayojiinua taratibu lakini waziwazi katika jaribio. Akishaimudu misimu miwili, arudi nyuma milimita 2. Ushauri wa kuanza na mizani ya mabingwa nimeusikia mara nyingi, na sikubaliani nao. Bingwa anairusha ndege yake siku zote za juma.

Ukitaka kujua uzito huu una maana gani, mkumbuke Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeruka na glaida alizojitengenezea zaidi ya mara 2,000 katika miaka ya 1890. Hakuwa na eleveta ya kushika mkononi. Alining'inia chini ya mabawa na kuiongoza ndege kwa kurusha miguu yake mbele, nyuma na pembeni. Mwili wake ndio uliokuwa chubwi. Tarehe 9 Agosti 1896, katika kilima cha Gollenberg, glaida yake ilipoteza mnyanyuo, pua ikashuka, na miguu yake haikutosha kuirudisha. Alifariki siku iliyofuata. Ndege ya rimoti haibebi mtu, lakini sheria iliyomwangusha Lilienthal ndiyo hiyo hiyo inayofanya kazi juu ya uwanja wa shule.

Sasa breki. Mtu anayezoea ndege zenye injini huuliza kwa nini kitu kinachoelea bila nguvu ya injini kihitaji breki hata kidogo. Jibu liko katika sifa ya glaida yenyewe. Glaida nzuri ya rimoti, kwa kila mita moja inayoshuka, huenda mbele mita 15 hadi 20 na zaidi. Ikifika ukingo wa uwanja ikiwa mita tatu juu ya nyasi, katika hewa tulivu bado ina mita 60 za safari, na ikikaribia ardhi kabisa ukinzani wa hewa hupungua, nayo huenda mbali zaidi. Uwanja wa mpira una mita 100 hivi. Mwisho wake kuna ua, miti au barabara. Ukiinamisha pua ili ishuke haraka, inapata kasi, na kasi hiyo inageuka kuwa safari ndefu zaidi. Lazima kuwe na njia ya kushuka bila kupata kasi, na kazi ya breki ni hiyo tu.

Glaida ndogo na nyepesi hutumia vibao viwili vinavyochomoza juu ya bawa na kuuharibu mnyanyuo. Ni mpango rahisi na unatosha. Glaida zenye sevo nne mabawani hutumia mpango ambao warushaji huuita kipepeo: flapu, zile sehemu za ndani za ukingo wa nyuma wa bawa, hushuka sana, nyuzi 60 hadi 80, na aileroni, zile za nje zinazolaza ndege upande huu na ule, huinuka kiasi, nyuzi 15 hadi 25. Ukiitazama kwa mbele bawa linaonekana limevunjika, lakini kila sehemu ina sababu. Flapu zilizoshuka ni ukuta mbele ya hewa, na ukuta huo huzuia ndege isipate kasi hata pua ikiinama. Aileroni zilizoinuka hupunguza mnyanyuo wa ncha za mabawa, na muhimu zaidi, hufanya ncha hizo ziwe za mwisho kuishiwa mnyanyuo. Ndege inayoishiwa ncha moja karibu na ardhi huanguka kwa ubavu. Inayoishiwa katikati kwanza huzama ikiwa sawa, na ukiwa sentimita 30 juu ya nyasi hiyo ndiyo namna unayoitaka.

Kazi huanzia kwenye meza, kabla ya programu yoyote ya rimoti. Flapu inahitaji kushuka sana na kupanda kidogo tu, kwa hiyo mkono wa sevo usisimame wima wakati flapu iko sawa na bawa. Uanze ukiwa umelala upande mmoja, ili safari kubwa ya sevo itumike kushuka. Waya ufungwe kwenye tundu la mkono wa sevo linalotoa mwendo unaohitajika, si zaidi. Wapo wanaofunga tundu la nje kisha wanapunguza mwendo ndani ya rimoti mpaka asilimia 40. Ndege inaruka, ndiyo, lakini wameitupa zaidi ya nusu ya usahihi na nguvu ya sevo, na flapu yenye nyuzi 70 mbele ya hewa inahitaji nguvu zote.

Halafu chukua kipimapembe kutoka kwenye kisanduku cha hesabu cha mtoto wa shule. Kata ukanda mwembamba wa karatasi ngumu, ubandike kwenye flapu ya kushoto uwe mshale, na uandike nyuzi zake kijiti kikiwa robo, nusu, robo tatu na mwisho. Hamia flapu ya kulia. Hapa ndipo watu hukosa subira. Wanapatanisha mwanzo na mwisho, wanaridhika, na katikati flapu moja iko nyuzi 35 na mwenzake nyuzi 42. Mrushaji anayeshuka kwa breki nusu, na mara nyingi breki hutumika nusu, atashangaa ndege inavyolalia upande mmoja kila anapotua. Atadhani ni upepo. Rimoti nyingi za siku hizi zinaruhusu kurekebisha nukta tano au zaidi katika mwendo wa sevo moja, tumia zote.

Kijiti cha breki huwa ni kile ambacho kwenye ndege ya injini huongeza moto. Kikiwa mbali nawe, bawa ni safi. Ukikivuta kukuelekea, breki zinafunguka. Naupenda mpango huu kwa sababu haupingani na mazoea: katika ndege zote mbili, kuvuta ni kupunguza. Mota, kama ipo, iwekwe kwenye swichi ya pembeni. Na rimoti ikipoteza mawasiliano, risiva iwe imeelekezwa kuzima mota na kufungua breki kiasi, ndege ishuke karibu badala ya kuelea hadi kijiji cha pili.

Tumefika kwenye lile lililomvunjia kijana glaida yake. Flapu zinaposhuka, sehemu ya ndani ya bawa inapata mnyanyuo wa ziada kwa muda, na hewa inayolitoka bawa inaelekezwa chini zaidi, ikiugonga mkia kutoka juu. Mkia unasukumwa chini, pua inapanda. Ndege inapanda huku breki zikiila kasi yake, na baada ya sekunde moja haina kasi wala mnyanyuo. Dawa yake ni kuifundisha rimoti iteremshe eleveta kidogo kila breki zinapofunguka. Kwa glaida ya mita tatu, kiasi hicho mara nyingi ni milimita chache tu kwenye ukingo wa nyuma wa eleveta, lakini kila ndege ina chake.

Tena kiasi hicho hakiongezeki sawasawa na kijiti. Pua huinuka zaidi mwanzoni, flapu zikiwa zimeshuka nyuzi 20 au 30, kwa sababu hapo bado zinanyanyua. Zikipita hapo zinageuka kuwa ukuta na mnyanyuo hauongezeki tena kwa kasi ile. Kwa hiyo eleveta ishuke haraka katika theluthi ya kwanza ya kijiti, kisha mstari wake kwenye rimoti ulale. Anayeweka mstari ulionyooka kutoka sifuri hadi mwisho anapata ndege inayoinuka mwanzoni, iliyo sawa katikati, na inayochimba mwishoni. Ndege yenye tabia tatu haifundishiki.

Kuzipata nukta hizo, rudi juu mita 80 au 100. Fungua breki robo, ushikilie, tazama pua. Ikipanda, ongeza mteremsho wa eleveta kwenye nukta hiyo. Ikiinama na ndege ikapata kasi, punguza. Ukiridhika nenda nusu, halafu mwisho. Mwishowe breki zote zikiwa wazi, glaida iinamishe pua kidogo na kushuka kwa kasi moja isiyobadilika, kama mtu anayeshuka ngazi. Kisha ijaribu kulala kushoto na kulia breki zikiwa wazi. Kwa kawaida aileroni hupangwa ziinuke zaidi ya zinavyoshuka, ili bawa linalopanda lisivutwe nyuma na hewa na kuigeuza pua upande usiotakiwa. Lakini aileroni ambazo tayari zimeinuliwa nyuzi 20 hazina pa kuinuka zaidi kwa faida, na ukizizuia pia zisishuke, ndege haitakutii. Katika hali ya kutua, ondoa tofauti hiyo. Ziache zishuke sawa na zinavyopanda.

Hapa ndipo mizani na breki zinapokutana. Ukizipanga breki wakati pua ni nzito, utahitaji mteremsho fulani wa eleveta. Mwezi ujao ukaondoa risasi, uzito ukarudi nyuma milimita 5, mteremsho ule ule sasa utaitupa pua chini kwa nguvu usiyoitarajia, kwa sababu ndege yenye uzito nyuma hutii eleveta kwa mwendo mdogo zaidi. Na ukiacha pua nzito kupita kiasi, unakutana na ubaya wa upande wa pili: mwishoni kabisa, kasi ikiwa ndogo na breki zikiwa wazi, unavuta eleveta uinue pua ya kutua, na mkia hauna nguvu ya kuiinua. Glaida inagonga kwa pua. Yule kijana alikuwa na kosa la mizani na kosa la breki kwa pamoja. Pua yake ilikuwa nzito, ndiyo maana ndani ya rimoti eleveta ilikuwa imeinuliwa kabla hata ya kugusa breki. Na breki zenyewe hazikuwa na mteremsho wowote.

Kwetu nyanda za juu kuna hesabu moja zaidi. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya bahari, na hewa huko ina kama asilimia 81 tu ya uzito wa hewa ya Mombasa au Dar es Salaam. Ili bawa lilelile libebe uzito uleule, ndege lazima iende kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 11 hivi, na nguvu ya mwendo inayopaswa kumalizwa wakati wa kutua inazidi kwa karibu asilimia 23. Kitovu cha uzito hakibadiliki kwa urefu wa nchi. Nafasi ya kutua ndiyo inayobadilika. Glaida iliyokuwa ikisimama vizuri ufukweni itahitaji uwanja mrefu zaidi na kuanza breki mapema ikiletwa Eldoret, na mrushaji asiyelijua hilo atailaumu rimoti.

Ugumu wa kutua mahali ulipokusudia umewekewa alama katika mashindano. Katika daraja la F5J linalosimamiwa na shirikisho la dunia la michezo ya anga, FAI, mrushaji ana dakika 10, mota inaruhusiwa sekunde 30 tu za mwanzo, na kila mita ya urefu unaoupata kwa mota inakukata nusu alama hadi mita 200, kisha alama 3 kwa kila mita inayozidi. Ukitua ndani ya mita moja ya mahali ulipopangiwa unapata alama 50. Kila mita inayoongezeka inakupunguzia 5, na ukipita mita 10 hupati kitu. Mtu anaweza kuelea kwa ustadi dakika zote kumi, akapoteza alama za mita 100 za mota kwa sababu breki zake zilimtupa mita 12 mbali. Ndiyo sababu wanaoshindana hutua mara nyingi mazoezini kuliko wanavyotafuta hewa ya joto.

Neno moja kuhusu vidole. Breki zikifunguliwa karibu na ardhi, zisifungwe ghafla. Ndege iliyopungua kasi imesimamia mnyanyuo wa flapu, ukiziondoa, inadondoka. Ukiona utagusa kabla ya kufika mahali ulipokusudia, rudisha kijiti robo, polepole, huku eleveta ikiinuka kidogo. Na kama uwanja una nyasi ndefu au mawe, inua flapu wakati tumbo la ndege linagusa, si kabla, maana flapu iliyoshuka nyuzi 70 ikikwama kwenye kisiki hung'oa meno ya gia ya sevo.

Yule kijana aliitengeneza glaida yake kwa wiki mbili. Alivisha pale palipovunjika mkono wa nyuzi za kaboni na gundi, kazi safi ambayo huwezi kuiona mpaka uipitishie kidole. Aliponiletea, alikuwa na rimoti tayari mkononi na betri imejaa.

“Twende uwanjani, Mwalimu. Breki nimeziwekea eleveta.”

“Tuiweke kwanza kwenye penseli.”

Baada ya ajali, kwa kuwa pua ilikuwa nzito, tulikuwa tumekubaliana kitovu kirudi nyuma milimita 3 na si zaidi. Tukaiweka. Mkia ukashuka. Lile zibo la kaboni lilikuwa na gramu 9, na lilikuwa milimita 700 nyuma ya kitovu; peke yake lilikuwa limeurudisha uzito nyuma kwa zaidi ya milimita 4. Ajali ilikuwa imetufanyia marekebisho tuliyoyataka, ikayazidisha kwa milimita moja, na hakuna jicho ambalo lingeiona. Tulisogeza betri mbele sentimita moja na nusu, tukaifunga, tukaipima tena. Ilipokaa sawa juu ya raba mbili bila kutikisika, tukaanza kuzungumza kuhusu breki.

Ndugu msomaji, kama una glaida iliyowahi kuanguka, kugundishwa, kubadilishwa betri au kupakwa rangi upya, ipime leo kabla hujaipeleka uwanjani.